Dawa ya Kugawana

Udadisi ni ugonjwa wangu, na haujapata dawa. Kazini kwetu tunachemsha majani ya mmea mmoja mchungu, tunayachuja, kisha tunaukausha mchuzi wake mpaka ubaki mzito kama asali, ndipo tunauzimua kwa maji na kuutia chupani. Tunatafuta tiba ya uvimbe sugu wa kibofu. Mama mdogo ni mmoja wa wagonjwa wanaojaribiwa dawa hiyo. Ni fundi cherehani, na zamani hakuweza kumaliza mkono mmoja wa gauni bila kukimbilia chooni, na huko nako ni machozi tu.

Nusu ya wagonjwa hupewa dawa, nusu maji yaliyotiwa rangi na uchungu. Chupa ni pacha, na nani kapata nini ni siri, hata kwangu. Katikati ya jaribio daktari mkuu aliifungua siri, akacheka kicheko kisicho na raha. Wa maji walikuwa wamepata nafuu sawasawa na wa dawa. Akasema majani yetu hata mbuzi asingeyapotezea muda, jaribio lifungwe. Nilimfikiria mama mdogo akirudia machozi yake, roho ikaniuma. Lakini swali lilinikaba: maji ya bomba yameanza lini kutibu kibofu?

Siku ya kuchukua chupa za mwisho nikaenda kukaa na wagonjwa. Walikuwa wamebanana kwenye benchi lililo karibu na choo, ingawa mengine yalikuwa matupu. Ugonjwa huu husemwa kwa kunong'ona, na wanaonong'onezana hawachelewi kuwa ndugu. Mama mdogo akapokea chupa yake, akafungua kifuniko, akammiminia jirani yake nusu. Jirani naye akamjazia kwa ya kwake. Kutazama vizuri, benchi zima lilikuwa likimiminiana.

Nilimvuta mama mdogo pembeni nikamuuliza wameanza lini. Tangu wiki za mwanzo, akasema, bila hata kupepesa. Wengine walikuwa wanapata nafuu na wengine wanalia, na kunywa peke yako ni uchoyo.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Basi huenda majani yanafanya kazi, tena kwa nusu kipimo. Nikamweleza kwamba daktari akikubali tutaanza upya, ila safari hii kila mtu anywe chake. Wa maji wataumwa mpaka mwisho, ndipo tutajua ukweli.

Hakucheka. Alikuwa akimtazama jirani yake, mwanamke wa rika langu, aliyekuwa anarudi chooni kwa mara nyingine huku amejishika tumbo la chini.

"Kwani lazima yawepo maji, mwanangu?"

"Lazima, mama mdogo."

"Basi hayo maji nipe mimi. Yule bado ana watoto wa kubeba mgongoni."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba hakuna anayechagua, hata mimi. Machozi yakanitangulia.