Fuwele Moja Isiyo na Ufa

Kwa miaka mitatu Hinda alikuwa akipika mawe. Ndivyo walimu wenzake wa Garissa walivyomtania, naye hakuwa na nguvu za kubishana. Kila likizo alichanganya zinki, asidi ya boroni na kemikali ya jamii ya amini, akafungia mchanganyiko ndani ya chungu kidogo cha chuma, akakiacha kwenye oveni ya maabara siku saba, umeme ukipenda. Mwaka ule wa tisini na sita umeme haukupenda mara nyingi. Kila alipofungua alikuta unga mweupe.

Unga haukumfaa. Profesa wake Nairobi alitaka fuwele moja nzima, isiyo na ufa, aipige eksirei aone jinsi zinki na boroni zilivyoshikana na ile amini iliyojibanza kati yao. Bila hiyo, shahada ya uzamili angeisikia kwa wengine tu. Barua ya mwisho ilisema mashine ni yake Jumatatu, na ikipita Jumatatu jina lake litafutwa.

Jumatano, alhamdulillahi, fuwele ikatoka. Moja tu, ndogo kuliko punje ya mchele, angavu. Aliiacha ndani ya maji yake isije ikapasuka, katika chupa ya mdomo mpana, akaificha nyumbani. Hakumwonyesha mtu. Aliogopa jicho la husuda, mwalimu mzima wa sayansi!

Ijumaa mama yake, Weris, akashuka kwenye lori la mbuzi kutoka Modogashe. Amefuga tangu utotoni, na kwake chombo cha maziwa kisichofukizwa moshi ni uchafu mtupu. Hinda aliporudi kutoka maabara ya shule alikuta vyombo vyote vimesuguliwa kwa mchanga na kufukizwa kwa kijinga cha moto. Ile chupa ilikuwa mezani, imejaa maziwa.

"Kunywa, hooyo," mama akasema, akimwita 'mama' kwa Kisomali kama mama wa kwao wawaitavyo wana wao. "Umekonda."

"Maji yaliyokuwa humu yako wapi?"

"Nimeyamwaga uani. Yalikuwa yameharibika, yameanza kuganda."

Hinda aliisukuma chupa kando. Alitoka uani, akapiga magoti, akapekua mpaka sala ya alasiri ikampita. Mbuzi wa majirani walikwisha kupakanyaga, na mchanga wa Garissa wote unametameta ukipigwa na jua. Alirudi ndani akaketi sakafuni. Hasira ilikuwa imemwishia, amebaki na uchovu tu, wa miaka mitatu.

Akamweleza mama yake yote, polepole. Weris alisikiliza, mkono kinywani.

"Na hata nikisema niliipata, nani ataniamini?" Hinda akamalizia. "Hakuna aliyeiona."

"Mimi niliiona," mama akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni kigae cha chupa, kisije kikakukata. Nikakigeuza juani kabla ya kukitupa. Kilikuwa na pande sita, hooyo. Mmoja mfupi, umeinama kidogo. Ndani hakikuwa na mstari hata mmoja. Walaahi, nilikitupa kwa shingo upande."

Sita, mmoja mfupi. Ndivyo Hinda alivyohesabu Jumatano ile, peke yake, akiwa amechoka hata akashuku macho yake mwenyewe. Machozi yakamtoka. Alisogea, akamlalia mama yake pajani.

"Niambie tena," akasema. "Niambie tena ilivyokuwa."