Gego la Nne

Mimi ni fundi samani. Kupaka vanishi nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu viti vya watu. Ndiyo maana daktari wa meno aliponieleza habari za magego ya binti yangu, nilimwelewa haraka. Haraka mno.

"Haya manne ya nyuma ni ya kudumu," alisema.

"Hapana, daktari. Pale halijang'oka jino. Nimeandika." Nikatoa daftari ninamoandika kila jino lake linalong'oka.

"Haya huota nyuma ya mengine, fundi. Hayasubiri jino ling'oke."

Nikafuta mstari. Kumbe miezi mitano nilikuwa nikimwambia mama yake tusihangaike na ya nyuma, yatang'oka tu! Binti yetu ana miaka saba, na meno mawili ya utotoni yalishaoza yakang'olewa, yeye akilia, mimi nimemshika mikono. Sikutaka kumshika tena.

"Hayajatoboka," daktari akanituliza. "Ila vijifereji vyake ni vyembamba, mswaki haufiki chini. Nitaviziba kwa dawa inayogandishwa kwa taa. Sharti ni moja: jino liwe kavu. Mate yakigusa kabla ya taa, tunaanza upya."

"Kama vanishi kwenye mbao mbichi. Inabanduka."

"Hasa."

Hapo kichwa kikanivimba. Wiki nzima nilimfanyisha binti mazoezi ya kukaa mdomo wazi, mimi nikihesabu. Akafika sitini.

"Mnafundishana kuwa mamba?" mama yake akauliza.

Siku ilipofika, magego matatu yalizibwa bila shida. La nne, daktari akaweka pamba, akalikausha kwa hewa, akapaka dawa. Nami nikainama kukagua, kana kwamba ni mguu wa meza.

"Samahani, daktari, naona kiputo hapo."

Penseli ikachomoka nyuma ya sikio langu, ikamdondokea binti puani. Akacheka. Mdomo ukafungika.

"Mate," daktari akasema.

Nikaiokota penseli.

"Fundi," akaongeza kwa upole, "mlango unauona?"

Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini, lililopakwa vanishi vibaya, na kwa mara ya kwanza sikuona haja ya kulisema. Niliwaza jambo moja tu: gego hilo likija kutoboka, nitamshika mikono tena, na sababu nitakuwa mimi. Nikahesabu hadi sitini. Mara nne.

Binti akatoka akirukaruka.

"Limegandishwa, baba! Ulipotoka tu, tukamaliza."

Nikashukuru, halafu, kwa kuwa sijui kunyamaza, nikanong'ona, "Na kile kiputo?"

"Daktari kasema lilikuwa tone la mate." Akanitazama kwa huruma. "Si langu, baba. Ulikuwa unaongea karibu mno."

Nikafungua daftari. Miezi sita, nikaandika, kuangaliwa tena. Chini yake nikaongeza, nikapigia mistari miwili: baba asubiri nje.