Siku Niliyompiga Mkwe Mkono

Mimi nahesabu ndege. Watu wa Nyakato wameshazoea kuniona juu ya baiskeli ya marehemu, daftari la shule likiwa kapuni. Mume wangu Leodgar alikuwaga tarishi ofisi ya maliasili. Kila Ulaya ikiingia baridi, mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, alizunguka ziwani kuhesabu ndege wanaokimbilia kwetu. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, na yeye akapunguzwa, lakini hakuacha kuhesabu. Alipofariki nikaendelea mimi, na darasa langu la nne. Kazi yenyewe haitaki shule nyingi, inataka kutulia tu.

Jumapili moja, mwezi wa kwanza mwaka wa tisini na tisa, alibatizwa mtoto wa binti yangu Hyasinta. Misa ilikuwa ya saa moja asubuhi, nami nilisimama nyuma kabisa. Baada ya hapo karamu ilikuwa Nyasho, nyumbani kwa baba wa mtoto, Makongoro. Huko mimi siendi. Kwetu mama wa mke haingii kwa mkwe wake, hali chakula mbele yake, hata usoni hamtazami. Miaka tisa Makongoro akiniona njiani anaingia vichakani, nami nageukia upande mwingine. Ndiyo heshima. Chakula changu kingeletwa kwa jirani yao baadaye. Basi wenzangu wakaenda kwenye karamu, mimi nikaenda kwa ndege.

Nilipofika kwenye matete ya ghuba nilikuta kimya. Nikashangaa, maana membe wa baridi, wale ndege weupe wa kutoka Ulaya, hupiga kelele kama wanawake mnadani. Halafu nikaona vitu vyeupe mchangani, kama nguo zilizoangushwa na upepo kutoka kwenye kamba. Nikahesabu kwa mazoea: thelathini na moja. Nimefika mwisho ndipo akili ikaniambia, mama, hawa wote wamekufa.

Nikaokota mmoja. Kisamaki cha furu kilikuwa bado kimekwama mdomoni mwake. Harufu kali ikanipanda puani, harufu niliyoijua ila jina lake halikuja. Nikamfunga kwenye kipande cha khanga, nikamtia kapuni.

Werema, mchuuzi wa samaki, akaja anasukuma baiskeli yake.

"Bibi, leo unavua ndege?"

"Werema, kumetokea nini hapa?"

"Hata sijui. Leo samaki wamejileta wenyewe, wamelegea juu ya maji, unaokota tu kwa mkono. Watu wanasema baraka ya mwaka mpya! Alfajiri nimepeleka tenga zima la sato kwa mkwe wako. Leo utakula mpaka ujilambe vidole."

Nikashika usukani wa baiskeli.

"Tenga zima, Werema?"

"Zima, bibi."

"Usiuze hata mmoja tena. Unasikia? Hata mmoja!"

Alikuwa bado anauliza kwa nini, mimi nimeshapanda. Kabla sijafika Mukendo tairi la mbele likatoboka. Nikaisukuma huku nakimbia, uzee wangu na yote. Watu wananiamkia, siitikii. Mtu mmoja akasema, "Huyo bibi wa ndege leo amerukwa na akili."

Nilifika Nyasho wageni wa Bunda na Butiama wameshakaa, ugali unafuka. Kutoka mlangoni nikamwona Makongoro amechovya tonge kwenye mchuzi. Tonge liko karibu na mdomo. Nikaita, wageni wanacheka, hakunisikia.

Nikaingia. Nikavuka kizingiti cha mkwe wangu, nikampiga mkono. Tonge likaruka mpaka ukutani.

Makongoro akajifunika uso kwa shati. Mama yake, Dorotea, ndiye aliyepiga kelele.

"Yesu na Maria! Mama mkwe amempiga mkwe! Umekuja kumlaani mtoto siku ya ubatizo wake?"

"Utanisema baadaye, Dorotea. Kwanza mtu asimeze."

Nikamchomoa yule ndege kapuni pale mlangoni, nikamtupa juu ya mkeka. Masatu, baba mdogo wa Makongoro, analima pamba kule Bunda. Akamwinua, akanusa, akamwachia kama kaa la moto.

"Hii dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Zamani tulipimiwa na chama cha ushirika, siku hizi kila duka linauza kama chumvi. Kuna watu wameimwaga ziwani wapate samaki."

Watu wakaanza kusukuma sahani mbali. Nikauliza, "Nani ameshakula?"

Wakatikisa vichwa. Hakuna.

"Mimi, mama." Hyasinta alikuwa kwenye mlango wa jikoni, mtoto yuko kwenye titi. Mate yalikuwa yanamtoka bila yeye kujua. "Nilionja chumvi ya mchuzi. Mara mbili."

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka tu nimemnyang'anya mtoto, analia, na nimeita, "Makongoro! Mpakie mke wako, twende hospitali!"

Nilimwita kwa jina lake. Akashusha lile shati, tukatazamana uso kwa uso. Miaka tisa nilikuwa sijui kwamba ana macho yaleyale ya mjukuu wangu. Akambeba Hyasinta kama mzigo wa kuni, akampakia kwenye baiskeli yake; yangu ikabaki pale mlangoni.

Siku tatu binti yangu alitetemeka na kutapika. Mjukuu alikunywa maziwa ya ng'ombe, akalia mpaka sauti ikakauka. Siku ya nne Hyasinta akaomba uji.

Wazee wakasema nimevunja mwiko mara tatu: kuingia, kupiga, kuita jina. Lazima kondoo achinjwe tutakaswe mimi na mkwe. Nikakubali, sikubishana nao.

Makongoro alimleta kondoo mwenyewe. Alimfunga uani kwangu, akasimama amenipa mgongo, kama inavyotakiwa. Nami nikageukia mlango.

Nilidhani ameshaondoka.

"Mama," aliuambia ukuta, "lile tairi la mbele nimeliziba."

"Asante, baba," nikaujibu mlango.