Chumba cha Mdomoni mwa Kichochoro

Asubuhi ile fundi cherehani aliamka na wasiwasi. Nje, majirani walikuwa wameshaanza kubomoa kuta zao za mbele, na kila nyundo iliyogonga tofali ilimgonga yeye kifuani, kwa sababu ni yeye aliyewaambia wavunje.

"Fundi, kweli manispaa watakuja?" aliuliza kinyozi, nywele zake mwenyewe zimejaa vumbi. Nusu ya kibanda chake ilikuwa chini, na kiti cha wateja kimekaa njiani kama mgeni aliyekosa wa kumkaribisha.

"Watakuja. Si tumekubaliana nao?"

Kinyozi akarudi kwenye nyundo yake.

Mtaa wao ulikuwa bondeni, chini ya barabara ya lami. Ng'ambo ya lami kulikuwa na nyumba za mageti na bustani, na bomba la zimamoto lililopakwa rangi nyekundu kila kona. Bondeni kulikuwa na kichochoro kimoja tu. Watu wawili wakikutana na ndoo, mmoja hurudi kinyumenyume. Kiangazi kilichopita moto ulizuka huko chini. Gari la zimamoto liliwahi, hilo hakuna aliyebisha, lakini liliishia kwenye lami. Mpira wake ulifika nusu ya njia, ukamwagia maji mabati ya watu ambao hawakuwa wakiungua. Mzee mmoja, fundi saa, akafia ndani ya chumba chake.

Baada ya maziko, manispaa ilimtuma afisa mipango, mwanamke wa makamo aliyetembea na ramani kwapani hata watoto wakambatiza Dada Ramani. Hakuja kuhutubia. Alikaa kwenye benchi la fundi akauliza nani ana mgonjwa, nani anaishi peke yake, maji ya mvua yanapita wapi. Walibishana naye, wakanuniana, wakapatana. Wenyeji wangerudisha kuta zao nyuma kwa mikono yao. Manispaa ingeleta tingatinga kusawazisha njia, kisha maji na taa, na hakuna ambaye angehamishwa. Fundi akachaguliwa kuwa msemaji, kwa kuwa karibu kila mtu alishawahi kumwachia kitambaa, na hakuna aliyewahi kupunjwa hata kipande.

Sasa imani yote ile ilikuwa imemkalia mabegani, na mabega yalimuuma.

Aliyemkosesha raha zaidi alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Watu walimwita Subiri, maana hata ukimwambia paa lake linavuja kichwani mwake, atakujibu "subiri kwanza." Nyumba yake ilikuwa mdomoni kabisa mwa kichochoro, pale kinapoachana na lami, na chumba chake cha mbele kilichomoza njiani kama kiwiko. Ndimo alimolala mama yake. Chumba hicho kisipoondoka, tingatinga halipiti, na wote waliobomoa huko ndani wamejivunjia bure.

Fundi alimkuta mlangoni, mswaki mdomoni.

"Shemeji, wenzako wanakungoja wewe tu."

"Wasubiri kwanza." Alitema povu pembeni. "Mimi nimeshawahi kubomolewa. Walikuja hivi hivi, maneno matamu, mikutano, chai. Tulipoanza kufungasha kidogo kidogo, wakamalizia wao kwa tingatinga. Nikimwona yule mama wa ramani amesimama mbele ya hilo tingatinga, nitavunja. Kabla ya hapo sitii mkono."

Alichokisema Subiri ndicho alichokuwa akikiogopa fundi mwenyewe tangu alipofumbua macho.

Tingatinga likaja. Walilisikia kabla hawajaliona, likinguruma taratibu kando ya lami. Nyuma yake likafuata lori la askari wa manispaa, kofia ngumu vichwani, virungu mkononi. Dada Ramani hakuwepo.

Nyundo zikakatika moja baada ya nyingine. Fundi alipiga simu ya afisa, haikupatikana. Akapiga tena, ikawa vile vile.

"Umetuuza," mtu alisema nyuma yake. Hakupaza sauti. Afadhali angepiga kelele.

Aligeuka akaona vijana wanaokota vipande vya matofali, matofali yale yale waliyoyabomoa wenyewe. "Wekeni chini," aliwaambia. "Likirushwa moja tu, tumewapa sababu. Wekeni chini, nawaomba." Waliyaacha shingo upande, wakasimama karibu nayo.

Akapiga moyo konde akapanda kuelekea lamini. Kiongozi wa askari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole uliomtisha kuliko ukali:

"Mama, nina amri ya kusafisha bonde lote. Naona mmenirahisishia kazi."

"Hatusafishi bonde, afande. Tunapanua njia, pamoja na manispaa yenu."

"Manispaa ndiyo iliyonituma."

Fundi akainua simu yake. "Nipe nafasi nimpate afisa mipango."

Yule kiongozi alimtazama dereva wa tingatinga, aliyekuwa ameketi juu ya tairi la lori akijimiminia chai. "Akimaliza chai yake tunaanza."

Fundi hakuwahi kuitazama chai ya mtu namna ile. Dereva alipuliza, akanywa funda, akapuliza tena. Fundi akapiga simu, akapiga, akapiga. Kila kikombe kilipoinuka, roho yake iliinuka nacho. Alidhani yule dereva anachelewesha makusudi, kumhurumia. Kisha akamwona anainamisha chupa na hakitoki kitu.

Ndipo pikipiki ilipofunga breki pembeni yake. Dada Ramani alishuka nywele zimetimka, pumzi juu juu.

"Simu imeishiwa chaji, nisameheni. Nilikuwa mlangoni kwa mkurugenzi wa manispaa tangu asubuhi. Idara nyingine imepitisha amri yake bila kutuuliza." Alimwangalia kiongozi wa askari. "Afande, mkurugenzi yuko njiani. Mpaka afike, mashine isiguse kitu."

Kisha akamvuta fundi pembeni, Subiri akasogea naye. "Hajaifuta amri," alisema. "Anataka kuona kwa macho yake. Akikuta njia imefunguka na kazi inakwenda, nina la kumwambia. Akikuta mawe na matusi na ukuta huu umesimama, mikono yangu imefungwa."

"Kwa hiyo nivunje kwa maneno ya 'akikuta, akikuta'?" aliuliza Subiri. "Unaniahidi hawatagusa zilizobaki?"

Dada Ramani alitikisa kichwa. "Siwezi kukuahidi, kaka. Nitakuwa nakudanganya."

Fundi alifumba macho. Laiti angedanganya kidogo tu. Subiri akakunja mikono kifuani, akaegemea ukuta wake, na watu wote wa kichochoro wakamtazama.

Mlango ukasukumwa kutoka ndani. Bibi, mama yake Subiri, alitoka akiburuta godoro lake. Alikuwa mtu aliyekula chumvi nyingi, miguu imevimba, na kila hatua aliilipia kwa pumzi. Alilisukumia godoro kwa fundi, mkwewe, akarudi ndani, akatoka na mto na taa.

"Mama, unafanya nini?"

"Nahamia kwa mkwe wangu, baba. Chumba hiki si kinavunjwa?"

"Mama, subiri..." Hakumalizia.

"Siku ile ya moto nililala kwake huko chini, na fundi saa alikuwa anabisha ukutani. Nyie mlikuwa mnakimbia na ndoo. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, miguu imegoma, nikimsikia anabisha. Nikamsikia hadi alipoacha." Alipumua. "Hata mimi sikimbii, baba. Ukiwaka tena nikiwa huko chini, utanipitisha wapi?"

Subiri akaingia ndani, akatoka na mtaimbo, akauchomeka kwenye pembe ya ukuta na kuusukuma kwa kifua chake chote. Tofali la kwanza lilipoanguka, hakuna aliyeshangilia. Walikimbia tu, wanaume kwa wanawake, wakashusha mabati, wakapokezana matofali kwa mstari hadi pembeni. Kabati la Bibi lilipokwama mlangoni, askari mmoja kijana alilaza kirungu chake chini, akalishika upande wa pili. Kiongozi wake alimwona, akageuza uso.

Mkurugenzi aliwakuta wanafagia kifusi. Alikitembea kichochoro chote hadi mahali kilipoungua chumba cha fundi saa, akasimama hapo kitambo, akarudi akizungumza chini chini na Dada Ramani. Fundi hakusikia kitu. Alisoma midomo yao kama mgonjwa anavyosoma uso wa daktari. Mwishowe mkurugenzi alimnong'oneza kiongozi wa askari, nao wakaanza kupanda lori.

"Amri nimeisimamisha," alimwambia fundi. "Sijaifuta. Leteni mpango wa mitaro na taa, nyinyi na idara kwa pamoja, tuukalie kikao."

Tingatinga likaingia. Lilisawazisha njia mpaka bondeni, na nyumba zilizobaki zilitetemeka lakini zilisimama.

Maji yalifika mvua zilipoanza, taa baadaye. Amri ile bado ipo mahali fulani kwenye ofisi fulani, imesimama tu, na fundi akisikia injini nzito barabarani, mguu wake huacha kukanyaga cherehani mpaka ipite. Bibi amehamia kwake, analala kando ya mashine na kulalamika kwamba inamkoromea sikioni.

Subiri hakuongea na shemeji yake kwa wiki kadhaa. Alipita, alimsabahi mama yake, akaondoka. Halafu mchana mmoja alisimama kwenye benchi, akishikashika vipande vya vitambaa kana kwamba anataka kununua.

"Hicho kikao cha mitaro ni lini?"

"Keshokutwa. Utakuja?"

"Si kwamba nawaamini," alisema. "Nataka niwasikie kwa masikio yangu."

Fundi alisogeza nguo alizokuwa akishona, akampa nafasi ya kukaa.