Mate ya Mfungaji

Mwezi wa Ramadhani, Majengo nzima ilikuwa ikitema mate. Mashehe walishasema mpaka wakachoka kwamba kumeza mate hakuvunji saumu, lakini nani awasikie? Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka Abdurahim alipoanza kutema yake.

Waridi alimwona mumewe akirudi kutoka mazoezi ya ngumi baada ya alasiri, glavu zimening'inia begani, akitema kila hatua. Moyo wake ukajaa fahari. Mwaka jana bwana huyu huyu alifumaniwa nyuma ya godauni huko Industrial Area akitafuna mandazi mchana kweupe, mtaa ukamcheka mpaka Idi. Leo hata mate hamezi!

"Mashallah, shehe wangu!" akamtania. "Uchamungu huu umeanza lini?"

Abdurahim akatabasamu, akajaribu kujibu, sauti ikatoka imekwaruza. Nyuma yake alikuja rafikiye Omolo, waliyekuwa wakipigana naye mazoezini, uso umemshuka.

"Shemeji, ngumi yangu iliteleza," akasema, akigusa kikoromeo chake. "Imempata hapa. Nisameheni."

"Wee! Kwani huyu kaumbwa kwa sukari? Kiu tu hiyo. Akifuturu, sauti itarudi. Kaa nawe ule."

Hivyo ndivyo alivyosema, maskini, na alimpenda mume yule kupita kiasi.

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Tende ikakataa kushuka. Maji yakatokea puani. Abdurahim akainama mbele, mikono magotini, shingo imevimba hata kikoromeo hakionekani, kila pumzi ikipiga mluzi. Hapo Waridi akaelewa. Mumewe hakuwa akikataa kumeza mate. Alikuwa akishindwa, tangu alasiri, naye mkewe amekaa anamfanyia mzaha.

Omolo akatoka mbio kumwita Kezia, nesi aliyepanga chumba nyumba ya tatu.

"Mlazeni apumzike," akaamuru jirani yao, Mzee Haji, na chupa ya mafuta ya simsim mkononi, tayari kumchua shingo. Alitaka wema, Mungu amsamehe. Walipomlaza tu, midomo ya Abdurahim ikabadilika rangi, akatupa miguu, sahani za futari zikamwagika.

"Mwinueni!" Kezia alipiga kelele toka mlangoni. "Koo limeumia kwa ndani, linazidi kuvimba. Msimlaze, msimchue, msimpe hata tone la maji. Hospitali, sasa hivi! Ee Mungu, mngeniita sauti ilipobadilika tu!"

Gari halikupatikana. Wakaazima mkokoteni wa muuza makaa. Waridi akaketi ndani, mgongo wa mumewe umeegemea kifua chake, na Omolo akauvuta huku analia kwa sauti bila kujali watu. Kezia alikimbia kando. Njia nzima Abdurahim alimshika mkewe kifundo cha mkono, akikibana kwa nguvu.

Karibu na lango la hospitali mluzi ukakoma.

"Alhamdulillahi," Waridi akamnong'oneza sikioni. "Umepata nafuu, baba. Tumefika."

Mkono uliokuwa umemshika ukalegea.

Kezia akasimamisha mkokoteni. Akampima Abdurahim mshipa, akampima tena, akamfumba macho. Kisha akamgusa Waridi begani taratibu.

"Dada, sasa unaweza kumlaza."

"Simlazi," Waridi akasema, akizidi kumkumbatia. "Wewe mwenyewe umetukataza. Akilala hapumui."