Fundi na Visiwa Vitatu

Nguo ya kuogelea aliishona mwenyewe, ya buluu iliyokoza, upande mmoja ukifika gotini na mwingine ukikomea katikati ya paja, pale mguu wake ulipoishia. Mtaani walimwita Fundi. Tangu hospitali wamkate mguu, kila aliyeingia dukani kwake alianza na pole, ungedhani ndilo jina jipya alilopewa.

Aliposema anakwenda visiwa vya mbali kwa boti, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, mdogo wake alishika kichwa.

"Dada, kule hakuna hata gati. Utashukaje?"

"Kama wanavyoshuka wengine. Kwenda chini."

Basi wakaenda wote wawili. Nahodha, mwanamume wa tumbo kubwa na maneno laini, aliyatazama magongo ya Fundi, kisha akaenda kuwasha injini. Walisafiri mpaka nchi kavu ikapotea nyuma yao. Kisiwa cha kwanza kilipojitokeza, kidogo, cheupe, hakina nyumba wala mtu, nanga ikatupwa kwenye maji ya kifuani. Abiria wakaanza kushuka ngazi wakipiga kelele za furaha.

"Mama, wewe pumzika hapa kivulini," nahodha akasema. "Tutakupigia picha za kisiwa."

"Kisiwa nakiona kutoka hapa. Sikuja kukiona, nimekuja kukikanyaga."

"Basi vijana wawili wakubebe."

"Mimi si gunia la mchele, kaka."

"Lakini ukipatwa na jambo, lawama ni zangu!"

"Utasema nilikushinda ubishi. Mashahidi si hawa?"

Abiria waliobaki botini wakageuka kutazama. Mdogo wake alitamani bahari immeze. Fundi alimkabidhi magongo, akakaza mikanda ya jaketi la kuelea, akajivuta kwa makalio mpaka ukingoni, akageuka na kuikamata ngazi. Mikono yake ilizoea kubeba mwili mzima. Alishuka kipandio kimoja, cha pili kikamponyoka, akatumbukia chubwi.

Nahodha alipiga ukelele. Fundi akaibuka akikohoa, maji yakimtoka puani, hasira na kicheko vimechanganyika. Jaketi lilimshikilia. Ndani ya maji hakuhitaji gongo wala bega la mtu. Alipiga mikono, akaenda. Maji yalipopungua aliketi, akajikokota kinyumenyume kuelekea ufukweni. Abiria mmoja akainama kumshika kwapani.

"Ukinigusa nakung'ata."

Yule bwana akarudi nyuma haraka.

Mchanga mkavu ulikuwa wa moto. Paja lilikuwa limechubuka na chumvi ilichoma kama pilipili. Mdogo wake akaja kukaa kando yake.

"Inauma?"

"Inauma sana."

"Turudi botini?"

"Nani kakwambia nataka kurudi?" Akageuzia uso upande wa miti na kulia kidogo, kisha akajilaza chali, akakishika kile kisiwa kwa viganja viwili.

Kisiwa cha pili kilizungukwa na mawe makali. Sasa nahodha alikuwa amechangamka, anajigamba kwa abiria kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kuogelea.

"Fundi wetu! Leo wa kwanza kushuka ni wewe!"

Watu wakapiga makofi. Fundi akachungulia majini.

"Hapa sishuki."

"Aa, unaogopa tena?"

"Mawe hayo yatanichana. Nimekataa mimi, kwa akili yangu. Kule ulinikatalia wewe. Usichanganye mambo."

Nahodha akajikuna kidevu. Makofi yakafa. Wengine walishuka, mdogo wake akasitasita, mpaka Fundi alipomfukuza kwa mkono. Akabaki kwenye benchi, anakula tikiti maji na kutema mbegu baharini, hana haraka na mtu.

Injini ilipowashwa tena, alimwita nahodha.

"Hicho cha tatu, chini kuna nini?"

"Mchanga mtupu, mama."

"Basi tengeneza ile ngazi yako. Kipandio cha pili kinateleza."