Kontena Lisikae Kati ya Nyumba

Ninaandika haya kwa wenzangu wa Mwakitolyo, maana nasikia na huko makontena yameanza kuuzwa. Someni kabla hamjachagua pa kuliweka.

Letu alilinunua mume wangu, Ignas, hapa Nyarugusu mwaka 1986, kwa watu waliokuja kupima dhahabu wakaondoka. Chumba kizima cha chuma, panya hapenyi. Akaliweka uani, kati ya jiko na nyumba tunamolala, akalijaza mahindi.

Haikupita muda akafika Donatus, bwana ardhi wa kata. Kata ilikuwa imeshakata shauri: kontena la kuhifadhia vitu likae kule mnadani, mbali na makazi, litobolewe matundu, na mlango uwe na komeo la kufungulia kwa ndani.

"Bwana Donatus, mahindi yangu nikayalaze na wezi?" Ignas akauliza.

"Mgambo watalinda. Humu uani kuna watoto."

"Watoto hawali chuma."

Matundu alikubali kuyatoboa, manne, ili aachwe mpaka avune pamba. Komeo akasema baadaye. Mimi nikamwambia lihame sasa hivi.

"Mama Coletha," akanijibu, "wewe hata kuku akikohoa unataka tuhame."

Mama mkwe wangu, Bibi Mbuke, hakuyapenda yale matundu. Kwetu Wasukuma kihenge cha nafaka hukandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, ndipo wadudu hawaingii. Basi akakanda, akayaziba yote, akalainisha kwa kiganja. Kazi safi kweli.

"Kihenge gani kina madirisha?" akaniuliza.

Jumamosi moja mchana akamtuma Coletha, binti yangu wa miaka saba, akachote mahindi. Kwenye kihenge ndivyo tunavyofanya: mtoto anaingia kwa sababu ni mwepesi, mkubwa anabaki nje. Bibi akaitwa na wageni, akaenda kuwapokea. Nyuma yake ukapita upepo wa kiangazi, ule unaozunguka na vumbi. Mlango ukajibamiza, chuma cha kufungia kwa nje kikaangukia mahali pake.

Nilirudi kutoka kisimani nikauliza Coletha yuko wapi.

"Nimemtuma mahindi," Bibi akasema, akageukia uani.

Tukalitazama kontena. Jua lilikuwa linalichoma. Nikapiga ukuta, na ndani, kama mbali sana, kitu kikagonga.

Chuma cha mlango kilikuwa kimekaza kwa joto. Nikakivuta mpaka kikanichubua viganja. Ignas akasikia kelele, akakimbilia mtaimbo wake wa machimboni. Bibi Mbuke hakumngoja mtu. Alichukua mchi akaupiga udongo wake mwenyewe, akauchimbua kwa kucha, tundu la kwanza likafunguka. Akaweka mdomo pale.

"Coletha, njoo huku kwenye mwanga. Weka pua hapa, mjukuu wangu."

Ikatokea ncha ya pua, ina jasho na vumbi la mahindi.

"Bibi, kuna moto humu."

"Najua. Vuta hewa. Utalia ukishatoka."

Ignas alipoung'oa mlango alimbeba akamlaza kivulini, tukammwagia maji. Akatapika. Baadaye akaomba uji, na hapo ndipo mimi nikakaa chini.

Ignas hakusubiri tena pamba. Alikwenda mwenyewe kwa Donatus jioni ile ile. Kesho yake baada ya misa tukatoa mahindi, na wachimbaji wenzake wakalisukuma kontena juu ya magogo mpaka mnadani. Bibi Mbuke alitembea pembeni akiwaamuru.

"Matundu manne hayatoshi. Ongezeni."

"Na panya je, Bibi?" Donatus akamtania.

"Panya nao wale."

Fundi alipomaliza kuchomelea komeo la ndani, Coletha akataka alijaribu yeye. Nilikataa. Bibi akamshika mkono wakaingia wote wawili, mlango ukafungwa. Nikasimama pale nje, sikio mlangoni. Nikasikia wanabishana komeo linavutwa upande gani, kisha likateleza, na Coletha akatoka mbele, Bibi nyuma.

Nanyi jaribuni hivyo, kabla hamjaingiza hata gunia moja.